Umetoa propela na gari linasumbua: dalili, chanzo na tiba

Magari mengi ya Kijapani yanayovuta magurudumu yote manne hufika gereji na lalamiko moja kati ya matatu: mngurumo chini ya sakafu, kugoma kwenye kona, au bei ya spea za nyuma. Fundi anaingia chini, anafungua bolti chache, anachomoa propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu magurudumu ya nyuma, anaiegemeza ukutani na kutangaza kwamba kuanzia leo gari linavuta mbele tu. Kuna magari ambayo tangazo hilo ni la kweli. Kuna mengine ambayo baada ya hapo hayatembei kabisa, na mengine yanayoteremka mlima yenyewe yakiwa kwenye P huku mwenyewe ameingia dukani. Tofauti iko kwenye namna nguvu inavyogawanywa ndani ya gari hilo, na propela haikuonyeshi jambo hilo kwa kuitazama tu.

Basi kabla ya kuingia kwenye dalili, jua gari lako liko kundi gani.

Magari yenye kaplingi ya nyuma

Hapa giaboksi inavuta magurudumu ya mbele muda wote, moja kwa moja. Propela inazunguka pamoja nayo, lakini nguvu haifiki nyuma mpaka kaplingi (kiungo kinachoshika na kuachia) iliyo karibu na difu ya nyuma ishike. Honda CR-V ya kizazi cha kwanza (1995 hadi 2001) na cha pili zinatumia pampu mbili za mafuta ndani ya difu ya nyuma: magurudumu ya mbele yakiteleza, pampu ya mbele inaizidi ya nyuma mwendo, shinikizo linapanda na klachi inashika. Hakuna kompyuta wala waya katika kazi hiyo. Nissan X-Trail T30 na T31 zina kaplingi ya sumaku ya umeme, ndiyo maana T30 ina swichi ya 2WD, AUTO na LOCK kwenye dashibodi. RAV4 ya kizazi cha tatu, iliyotoka mwishoni mwa 2005, nayo ina kaplingi inayoendeshwa kwa umeme. Probox na Fielder za 4WD zina viskasi, yaani kaplingi ya kimiminika kizito, kwenye mstari wa propela. Magari haya ukitoa propela yanaendelea kutembea kwa kuvuta mbele.

Magari yenye difu ya kati

RAV4 za mwaka 1994 hadi 2005, yaani vizazi viwili vya kwanza, Harrier za vizazi viwili vya kwanza na Kluger V ya kwanza ziko hapa. Subaru za gia za mkono nazo ziko hapa. Nguvu inafika kwanza kwenye difu ya kati, ndiyo inayogawa mbele na nyuma. Tabia ya difu yoyote ni kupeleka mzunguko upande ulio mwepesi. Ukiondoa propela, upande wa nyuma hauna mzigo wowote, kwa hiyo mzunguko wote unakimbilia huko na magurudumu ya mbele yanabaki yanatazama.

Subaru za otomatiki ya gia nne zina habari yake, nitaifikia.

Kama huna uhakika wa kundi, lipo jaribio ambalo halihitaji kufungua kitu. Egesha kwenye sakafu ngumu na tambarare. Weka vizuizi vya mbao mbele na nyuma ya magurudumu yote mawili ya upande wa kulia. Inua upande wa kushoto, mbele na nyuma, na uukalishe kwenye stendi. Usifanye kazi hii kwa jeki peke yake. Injini imezimwa, gia iko P (au namba moja kwa gia za mkono), hendibreki imeachiwa. Sasa zungusha gurudumu la mbele lililo hewani. Likigoma kabisa, una kaplingi. Likizunguka, hata kwa uzito, na la nyuma likazunguka kinyume chake, una difu ya kati. Ule uzito ni viskasi iliyofungwa pamoja na difu hiyo, inayopinga.

Dalili: injini inapanda, gari halisogei au linasogea kwa unyonge

Hii ndiyo inayoleta ugomvi kati ya mteja na fundi, kwa sababu mara nyingi giaboksi inalaumiwa bure. Umetoa propela ya Harrier, unaweka D, unakanyaga mafuta, injini inalia na gari linajikokota. Mtu anasema otomatiki imekufa. Haijafa. Chungulia chini ukiwa mbali na sehemu zinazozunguka, huku mwenzako amekanyaga breki na kuweka D: utaona flenji (sahani ya chuma) ya transfa, sehemu ya giaboksi ilikofungwa propela, inazunguka patupu.

Kinachochanganya watu ni viskasi. Ndani yake kuna sahani nyingi nyembamba na kimiminika kizito cha silikoni. Pande mbili zikitofautiana mwendo, kimiminika kinapinga, na upinzani huo unatosha kulisogeza gari kwenye barabara tambarare. Mwenye gari anaona linakwenda, analipa, anaondoka. Lakini viskasi ilitengenezwa kwa tofauti ndogo za mwendo za muda mfupi, kama gurudumu linapoteleza kwenye tope. Sasa inafanya kazi bila kupumzika. Inapata joto kali, kimiminika kinaharibika, na mwisho wake ni mmoja kati ya miwili: inalegea kabisa gari lisimame, au inakwama moja kwa moja. Ikikwama, gari litaonekana limepona, mpaka siku utakayorudisha propela na kukuta linagoma kila kona.

Tiba ya kweli ni mbili tu. Ya kwanza ni kufunga giaboksi ya gari lile lile lililotengenezwa kuvuta mbele. Harrier za kuvuta mbele zipo, na giaboksi zake zinapatikana kwa wauza spea zilizotumika. Hakikisha injini ni ile ile na uchukue pia kompyuta yake na draivu shafti za mbele, kwa maana urefu wa shafti ya upande wa transfa unaweza kutofautiana. Ya pili ni kuifunga difu ya kati isigawe tena, kwa kuichomelea au kwa kifaa maalumu. Mafundi wa Subaru za gia za mkono wamefanya hivyo kwa miaka mingi. Inafanya kazi, ila ujue giaboksi inashushwa na kufunguliwa, na ukishaichomelea, propela haitakiwi kurudi tena bila kubadilisha difu hiyo. Kama bei ya kazi hiyo inakaribia bei ya difu nzima ya nyuma iliyotumika, sioni sababu ya kuifanya.

RAV4 ya kwanza yenye gia za mkono ina bahati. Ina swichi ya kufunga difu ya kati. Propela ikiharibika njiani unaweza kuitoa, ukabonyeza swichi, na gari likavuta mbele hadi ufike mjini. Ni msaada wa safari, siyo mpango wa kudumu.

Dalili: gari linateremka likiwa kwenye P

Soma sehemu hii hata kama huna tatizo lolote kwa sasa.

P ya otomatiki inafunga shafti ndani ya giaboksi. Kwenye gari la kaplingi, shafti hiyo imeshikamana na magurudumu ya mbele, kwa hiyo hata bila propela gari linasimama. Kwenye gari la difu ya kati, P inafunga sehemu iliyo kabla ya difu hiyo. Propela ikiwepo, mbele na nyuma vinazuiana. Propela ikitoka, magurudumu ya mbele yako huru kuzunguka, na sehemu ya nyuma ilikofungwa propela inazunguka kinyume chake. Kilichobaki ni upinzani wa viskasi, na viskasi haizuii gari. Inalichelewesha tu. Gari linakaa dakika moja linaonekana limetulia, kisha linaanza kutambaa.

Kama gari la aina hii limesimama gereji bila propela, hendibreki ivutwe na vizuizi viwekwe kabla mtu yeyote hajaingia chini yake. Anayelisogeza kwenda gereji nyingine aambiwe kwa mdomo, asiachiwe akagundua mwenyewe. Na kabla ya kuruhusu gari hilo litoke barabarani, pima hendibreki kwenye mteremko halisi. Hendibreki nyingi za magari yaliyotumika zina waya uliolegea kwa miaka na hakuna aliyejali, kwa kuwa P ndiyo ilikuwa ikifanya kazi.

Dalili: mafuta yanamwagika nyuma ya giaboksi

Propela zinafungwa kwa namna mbili. Nyingine zinakutana na transfa kwa flenji na bolti. Ukizifungua, flenji na sili yake (mpira unaozuia mafuta yasitoke) vinabaki mahali pake na hakuna tone linalotoka. CR-V ni hivyo. (Bolti zake zina vichwa vya kona 12, na ukizilazimisha kwa spana isiyofaa zitaliwa, halafu utahitaji msumeno.) Nyingine zina mkia wenye meno unaochomekwa ndani ya giaboksi, na mkia huo ndio unaoziba sili. Subaru ni za namna hii. Ukiuchomoa, mafuta yanamwagika mara moja, na kwenye otomatiki ni mafuta yale yale yanayoendesha giaboksi nzima. Gari likitembea hivyo umbali mfupi, unanunua giaboksi.

Kuziba tundu hilo kwa kitambaa, chupa au mpira wa ndani wa tairi ni kujitafutia hasara. Kama ni lazima litembee, kinachofaa ni kizibo cha kipimo chake kinachokaa ndani ya sili na kushikiliwa kisitoke. Baada ya hapo pima kiwango cha mafuta, ongeza yaliyopotea, na urudie kupima baada ya safari fupi.

Kama ni flenji na bado kuna mafuta, sili ilikuwa imechakaa kabla. Propela ilipokuwepo, tone lilikuwa linarushwa na upepo na hakuna aliyeliona.

Dalili: propela imetoka, mngurumo umebaki

Watu wanatoa propela kuua mngurumo, na mngurumo unabaki. Sababu ni kwamba magurudumu ya nyuma bado yanazungusha draivu shafti za nyuma, na hizo zinazungusha difu ya nyuma pamoja na pinioni yake, ile gia ndogo inayopokea nguvu ya propela. Umeondoa bomba la katikati, mashine ya nyuma ipo palepale inafanya kazi bila mzigo.

Mngurumo unaopanda na mwendo, usiobadilika ukiachia mafuta wala ukikanyaga, na unaobadilika ukiyumbisha gari kushoto na kulia, ni beringi ya gurudumu. Lile linalobeba uzito wakati wa kuyumba ndilo mgonjwa: ukikata kulia na kelele ikazidi, tazama kushoto. Beringi ya gurudumu la nyuma ingebadilishwa kwanza, propela isingeguswa.

Kama mngurumo umekufa kabisa baada ya propela kutoka, mshukiwa wa kwanza ni beringi ya kati ya propela. Mpira wake unakatika, shafti inaninginia, na gari linatetemeka zaidi kwenye mwendo wa kati. Mshukiwa wa pili ni krosi, yaani kiungo cha propela kinachokunjika. Shika propela ukiwa umeiweka chini, kunja kila kiungo pande zote. Kiungo kinachokwama kwenye pembe fulani au kucheza ndicho kibovu. Beringi ya kati ni spea ya bei ndogo ukilinganisha na vyote unavyopoteza kwa kuacha propela nje. Mwenye gari anayelitumia kwenye milima ya Lushoto au Rungwe wakati wa masika atanielewa haraka kuliko yule wa lami ya Dar es Salaam.

Mngurumo uliobaki ukitoka kwenye difu yenyewe, kagua mafuta yake. Usikubali maneno kwamba difu isiyovuta haihitaji mafuta. Gia zake zinazunguka kila kilomita gari linapotembea.

Dalili: gari linagoma kwenye kona kali

Hii ndiyo sababu kubwa ya watu kutaka kuvuta mbele tu. Ukikata usukani hadi mwisho kwenye maegesho ya lami kavu na kuachilia breki, gari linakuwa zito, linarukaruka, au linasimama lenyewe kana kwamba hendibreki imevutwa. Maana yake mbele na nyuma vimefungwa pamoja wakati havitakiwi.

Anza na tairi. Tairi mbili mpya na mbili zilizochakaa, au saizi mbili tofauti, zinafanya mbele na nyuma zizunguke mizunguko isiyo sawa hata kwenye barabara iliyonyooka, na kaplingi inahangaika bila kupumzika. Subaru wanataka tofauti ya mzingo kati ya tairi isizidi robo inchi, yaani takriban milimita 6. Pima kwa utepe kila tairi ikiwa na upepo unaotakiwa. Kazi hiyo haigharimu kitu, na imewahi kumaliza matatizo ambayo yangeishia kwenye giaboksi.

Kwenye CR-V ya zamani, ukisikia mkoromo kutoka nyuma kwenye kona kali, badilisha mafuta ya difu ya nyuma kabla ya kufikiria jambo lolote. Difu hiyo inataka mafuta maalumu ya Honda ya pampu mbili, takriban lita moja. Oili ya kawaida ya difu haifai humo. Fungua kwanza tundu la kujazia, ndipo umwage. Tundu la juu likigoma kufunguka baada ya kumwaga, gari limelala gereji. Ukishajaza, zungusha gari kona kali kulia na kushoto mahali pa wazi ili mafuta mapya yafike kwenye klachi. Mkoromo ukirudi baada ya muda mfupi, mwaga tena na ujaze upya, kwa kuwa mafuta ya zamani hayatoki yote mara ya kwanza.

Kwenye X-Trail T30, weka swichi kwenye 2WD na urudie kona ile ile. Ikiacha kugoma, kaplingi yenyewe inaachia vizuri. Tafuta tairi au vihisio vya magurudumu. Ikiendelea, kaplingi imekwama, na hapo kutoa propela ni uamuzi unaoeleweka mpaka upate nyingine.

Sasa Subaru ya otomatiki ya gia nne, isiyo na VTD (mfumo wa Subaru wenye difu ya kati). Nyuma ya giaboksi kuna klachi ya sahani nyingi inayopeleka nguvu nyuma, na solenoidi (vali ya umeme) inayoiachia. Solenoidi isipopata umeme, klachi inashika moja kwa moja. Ndani ya boneti, kwenye sanduku la fyuzi au pembeni yake, kuna soketi iliyoandikwa FWD (kuvuta mbele tu) ambayo kwa kawaida ni tupu. Ukiweka fyuzi hapo, solenoidi inawashwa muda wote, klachi inaachia na taa ya FWD inawaka kwenye dashibodi. Hicho ni kipimo kizuri kuliko spana yoyote. Kugoma kukiisha, klachi na solenoidi ni vizima na tatizo liko kwenye amri au tairi. Kugoma kukibaki, solenoidi au waya wake umekufa, au sahani na kikombe cha klachi vimelika. Watengenezaji waliweka soketi hiyo kwa ajili ya kutembea na tairi dogo la akiba, kwa muda. Kuiacha fyuzi humo miezi mingi ni kuichosha solenoidi. Lakini kwa mtu anayetaka Subaru yake ivute mbele wakati anatafuta spea, hii ni njia safi kuliko kuchomoa propela na kumwaga mafuta ya giaboksi. Kwa zile zenye VTD, fyuzi hiyo si dawa yao.

Na kama propela iko nje na gari bado linagoma kwenye kona, acha kutazama nyuma. Ukisikia kata-kata-kata, ni viungo vya nje vya draivu shafti za mbele. Usukani ukiwa mzito bila sauti, kagua pampu na vishikio vya usukani. Gari likisimama kama limekanyagwa breki, gusa rimu baada ya safari fupi utafute breki iliyoshika.

Dalili: gurudumu la nyuma linacheza

Hapa kuna mtu alitaka kumaliza kazi, akatoa na draivu shafti za nyuma. Kwenye magari mengi ya aina hii, kiungo cha nje cha shafti na nati yake kubwa ndivyo vinavyoibana beringi ya gurudumu isiachane. Ukiviondoa, beringi inabaki bila kubanwa, inacheza, inapata joto, na inaweza kufumuka gurudumu likiwa linazunguka. Usiendeshe gari hilo hata hadi kituo cha mafuta. Rudisha shafti nzima, au fungua kiungo cha nje, rudisha kipande hicho peke yake ndani ya habu na ukaze nati kwa kipimo cha gari hilo. Kwenye baadhi ya magari, pete yenye meno inayosomwa na kihisio cha ABS imekaa juu ya kiungo hicho. Hiyo ndiyo sababu taa ya ABS inawaka baada ya shafti kutolewa.

Kwa taa nyingine za dashibodi, sheria ni fupi: soketi ya umeme ya kaplingi iachwe imechomekwa hata kama propela iko nje. Ukiichomoa, kompyuta inaona waya umekatika na kuwasha taa.

Dalili: matumizi ya mafuta hayajapungua, na gari linateleza

Propela ni chuma cha kilo chache kinachozunguka. Difu, shafti na uzito wake vimebaki. Anayeahidi kwamba utaona tofauti kubwa kwenye pampu ya mafuta anauza kazi. Utakachokiona ni tairi za mbele zikiisha mapema, magurudumu ya mbele yakizunguka patupu unapoanza mwendo kwenye mlima wenye maji, na pua ya gari ikitaka kwenda moja kwa moja ukiingia kona kwa kasi kwenye lami iliyolowa. Tairi nzuri zaidi zikae nyuma hata hivyo, kwa sababu mkia ukitoka ghafla ni vigumu zaidi kuudhibiti kuliko pua. Atakayeendesha gari hilo aambiwe limebadilishwa, na atakayelinunua vilevile.

Ukiitoa, itunze

Kabla ya kufungua bolti ya kwanza, piga alama ya rangi kwenye flenji na propela, mbele na nyuma, ili irudi kwenye nafasi ile ile. Ikirudi imegeuzwa inaweza kutetemesha gari zima ingawa haina ubovu. Saidia pande zote mbili wakati wa kuishusha, usiiache ininginie kwenye krosi moja. Ihifadhi imelala, beringi ya kati ikiwa imefunikwa isipate mchanga, na bolti zake kwenye mfuko uliofungwa pamoja nayo.

Siku gari likibebwa na breakdown likiwa halina propela, magurudumu ya mbele ndiyo yainuliwe na ya nyuma yazunguke chini. Propela ikisharudishwa, lipandishwe lote juu ya lori.